Amri Zinazojiendesha: Ruta za Kisugu kama Nyaraka za Historia

Historia ya intaneti nchini Uganda huandikwa zaidi kwa kufuata nyaya, leseni na kampuni. Makala haya yanapendekeza chanzo kingine: skripti, yaani mfululizo wa amri ambao fundi huuandika ndani ya ruta ili kifaa kifanye kazi yeye asipokuwapo. Tunadai kwamba kila skripti hubeba dhana ya mwandishi wake kuhusu mazingira, na dhana hiyo ni ushahidi wa kihistoria.

Utaratibu wenyewe umetangulia ruta za leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Makerere kilitumia FidoNet, mtandao ulioanzishwa Marekani mwaka 1984. Kompyuta zilihifadhi barua, kisha zikapigiana simu na kuzipeleka kwa mafungu. Katika FidoNet, amri za kupanga saa ya kupiga simu zilielekea usiku, kwa sababu ya gharama. Uhaba ulikuwa umeandikwa ndani ya ratiba.

Katika mitaa kama Kisugu, tarafa ya Makindye, ambako Wi-Fi huuzwa kwa vocha, ufundi huo umehamia katika ruta ndogo. Mfano ni ruta za MikroTik, kampuni iliyoanzishwa Riga, Latvia, mwaka 1996, ambazo mfumo wake, RouterOS, una lugha yake ya skripti. Fundi anaweza kuiamuru ruta ipime anwani ya nje kila dakika na, isipojibiwa, ihamie laini ya pili. Au imwondoe mteja ambaye muda wa vocha yake umekwisha.

Dhana hizo huonekana wazi zaidi zinaposhindwa. Ruta nyingi za bei nafuu hazina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, huweza kuwaka zikiwa na tarehe ya kale, pengine ya mwaka 1970, hadi zipate saa sahihi kutoka mtandaoni. Skripti isiyosubiri saa hiyo inaweza kumdhulumu mteja aliyelipa. Kwa hiyo, mstari mmoja wa kuamuru kusubiri huusimulia umeme wa Kampala.

Tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilifungwa kote nchini kwa amri ya serikali, ikarejeshwa tarehe 18. Kwa skripti iliyochukulia kimya kuwa hitilafu ya laini, kuhamia laini ya pili hakukuwa na faida. Mashine haikuweza kutofautisha uharibifu na uamuzi wa kisiasa.

Ushahidi huu hupotea kwa urahisi. Fundi akihama au ruta ikifutwa, sababu za amri zake huondoka naye, na duka au zahanati hubaki na kifaa kinachotii jambo lisiloelezeka. Maneno ya amri ni ya Kiingereza, lakini mistari ya maelezo yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ambacho herufi zake hazihitaji marekebisho yoyote. Mradi wa Kilinux wa Dar es Salaam, uliotoa programu ya ofisi ya Jambo mwaka 2004, ulionyesha kwamba lugha hii inaimudu kompyuta; katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, iliitambua kuwa lugha rasmi ya pili.

Tunapendekeza kwamba mikataba ya mitandao ya taasisi za umma idai nakala ya skripti nje ya ruta, pamoja na maelezo ya Kiswahili yanayotaja tarehe na sababu ya kila amri.