Dawa ya Ukungu na Maneno Yake

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za dawa ya ukungu wa mimea: ilianzaje, imetusaidia nini, na yaweza kutudhuru kwa njia gani. Tutaanzia mjini Dar es Salaam, katika soko la Kariakoo, kwa sababu hapo mkulima na mlaji hukutana, ingawa mara nyingi hawaonani uso kwa uso.

Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918. Watu walilitamka jina la Kiingereza la kikosi kile kwa ulimi wao, likabaki hivyo. Soko lilianza mwaka 1923, na jengo kubwa lililochorwa na msanifu Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975. Tangu zamani mji huu hula vitu vilivyolimwa mbali: nyanya za Ilula katika Iringa, na mboga za Lushoto na za Mgeta. Na katika mitaa ile ile ya Kariakoo yako maduka ya mbegu na ya dawa za mimea. Basi nyanya huingia mjini, na dawa hutoka mjini kwenda shamba, kisha hurudi juu ya nyanya.

Mtu asidhani kwamba tunaidharau dawa hii. Ugonjwa wa ukungu ni adui mkali. Mwaka 1845 uliingia katika viazi vya Ireland, na njaa iliyofuata iliua watu wapata milioni moja. Mwaka 1941 ugonjwa huo ulionekana katika viazi vya Kenya. Huushika mnyanya vile vile, na mvua na baridi vikizidi, shamba lililokuwa la kijani huweza kunyauka kwa siku chache tu.

Dawa ya kwanza iliyosifika ilipatikana Ufaransa kwa namna ya ajabu. Wenye mashamba ya mizabibu ya Médoc walichoka na wapita njia waliochuma zabibu zao, wakaipaka mizabibu ya kando ya njia mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ili ionekane kama ina sumu. Mwaka 1882 mtaalamu Millardet aliona kwamba mizabibu ile iliyopakwa haikupatwa na ukungu. Akaijaribu, na mwaka 1885 akatangaza habari zake. Hivyo dawa hii, kabla ya kuwa dawa, ilikuwa onyo: usile. Tangu hapo mrututu ulienea duniani, na kahawa ya Kilimanjaro nayo ilipigwa dawa za shaba kwa miaka mingi. Baadaye ikajulikana kwamba shaba haipotei, bali hujikusanya katika udongo. Na mwaka 1969 madaktari wa Ureno walieleza habari za wapiga dawa wa mizabibu walioharibika mapafu.

Mwaka 1962 ikaanza kuuzwa mankozebu, unga wa rangi ya manjano hafifu, ambao wakulima wetu wa nyanya wameutumia sana. Haimwui mtu papo hapo, na kwa hiyo wengi waliihesabu kuwa kitu chepesi. Lakini ikikaa, na hasa ikipata moto, hugeuka kuwa kitu kingine, ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi ETU. Kitu hicho kimeonekana kudhuru tezi ya shingo ya panya wa majaribio, tezi ile ile ambayo kwa binadamu huvimba ikawa rovu anapokosa madini joto. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiruhusu, kwa kuhofia madhara yake katika uzazi na katika kazi za tezi za mwili.

Sasa tusikilize habari za Irak, nayo ndiyo fundisho kubwa. Mwaka 1971, baada ya ukame, ililetwa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya ukungu yenye zebaki, ikapakwa rangi nyekundu ili isiliwe. Maonyo ya magunia yaliandikwa kwa lugha za kigeni, na wanakijiji hawakuweza kuyasoma. Wengine waliiosha ngano, rangi ikatoka, wakadhani sumu imetoka pamoja nayo, wakaoka mikate. Watu 6,530 waliingizwa hospitalini, na 459 kati yao wakafia humo.

Je, kosa lilikuwa la nani? Dawa ilifika kijijini, maneno yake hayakufika. Na jambo hili si la Irak peke yake. Unga unapotolewa katika pakiti yake na kupimwa kidogo kidogo katika mfuko usio na maandishi, yale yale yametendeka. Uchunguzi wa wakulima wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania, uliotangazwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba watu 68 katika kila 100 waliwahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa, na kwamba theluthi moja hivi walichanganya dawa mbalimbali pamoja.

Serikali ina kazi yake. Sheria ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Lakini sisi nasi tunayo yetu. Mkulima asinunue dawa isiyo na maandishi. Apime kama ilivyoandikwa, afunike pua na mikono, nguo za kazi zifuliwe peke yake, na asichume kabla ya kutimia siku zilizotajwa, hata kama mchuuzi amekwisha kuleta gari. Naye mpishi wa mjini, akiona vumbi jeupe juu ya nyanya, asiseme, "Moto utaiua." La hasha! Moto ndio huigeuza. Aioshe vema kwa maji safi kabla ya kupika, ajue pia kwamba maji hupunguza dawa, wala hayaiondoi yote.

Na ninyi vijana wa shule, mnaona wazee wenu wakirudi na pakiti kutoka mjini. Wasomeeni maandishi yake yote, kwa sauti, kabla haijafunguliwa. Kwa kazi hiyo peke yake, kujua kusoma kwenu kumekwisha kulipa ada yake.