Geji na Gramu: Historia ya Uteuzi wa Upako wa Zinki katika Ukanda wa Dabani, Busia na Tororo

Dabani, wilayani Busia upande wa Uganda, imo katika ukanda wenye historia ndefu ya chuma. Kabla ya ukoloni, wahunzi Wasamia waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali na kwao. Jembe lilikuwa nene, na lilipochakaa liliweza kufuliwa upya. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, na Kampala kupitia Tororo mwaka 1931, ilirahisisha uingizaji wa chuma cha aina nyingine: bati la kuezekea, jembamba kiasi kwamba uhai wake hutegemea upako.

Msingi wa upako huo ni hataza ya Sorel ya mwaka 1837 nchini Ufaransa: chuma kuchovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Zinki huliwa kwanza, hivyo hukikinga chuma hata penye mkwaruzo. Kutokana na msingi huo, njia zilitofautiana kwa matumizi. Nguzo na vyuma vya madaraja huchovywa kimoja kimoja, na hupata upako wa mikromita 85 hivi vikiwa vinene. Mabati hupitishwa katika zinki yakiwa utepe mrefu usiokatika. Skrubu nyingi hupakwa kwa umeme, upako ambao mara nyingi hauzidi mikromita 10.

Viwanda vya mabati vilipoanzishwa Kenya na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1960, Uganda Baati ikiwa miongoni mwavyo mwaka 1964, zinki ndiyo iliyotawala. Mwaka 1972 kampuni ya Marekani, Bethlehem Steel, ilileta sokoni upako wa alumini asilimia 55, zinki na silikoni kidogo, ambao baadaye ulifika Afrika Mashariki. Upako huo huhimili mvua kwa muda mrefu zaidi, ila huharibiwa na saruji mbichi na hewa ya mazizi.

Hata hivyo, lugha ya soko ilibaki ile ya geji, ambayo hupima unene wa bati, si upako. Mabati mawili ya geji 30 yaweza kutofautiana sana kwa umri. Gramu nazo hazitoshi pasipo kutaja aina: zinki ya gramu 275 kwa mita ya mraba, pande zote mbili, ina takriban mikromita 20 kila upande, alumini-zinki hufikia unene huo kwa gramu 150 tu.

Kaya inayowekeza akiba yake katika paa haina njia ya kuona tofauti hiyo dukani. Historia hii yaonyesha kwamba viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vitamfikia mnunuzi iwapo kila bati litaandikwa aina na uzito wa upako, na iwapo ukaguzi katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa mwaka 2018, utahusisha pia misumari na skrubu. Paa huanza kuvuja pale palipopigiliwa.