Nani Alikula Likizo ya Watoto?

Jumatano, tarehe 23 Desemba 2020, shule za msingi za Kenya zilifungwa kwa ajili ya Krismasi. Lakini ngoja kwanza, zilifungwa kwa nani? Maana waliokuwa madarasani siku hiyo ni gredi ya nne na darasa la nane peke yao. Wengine wote, kuanzia watoto wa chekechea mpaka darasa la saba, walikuwa nyumbani tangu Machi. Kwa hiyo kuna watoto walioanza likizo siku ile, na kuna wenzao waliokuwa wakiingia mwezi wa kumi wa kitu ambacho hakuna aliyejua kukiita jina.

Kila nikisoma kuhusu korona na shule nakuta habari za masomo yaliyopotea. Sawa, yalipotea, sibishi. Ila naona kuna kitu kingine kilichukuliwa ambacho hakuna anayekihesabu, nacho ni likizo yenyewe. Serikali iliwapa watoto likizo ndefu ambayo hawakuiomba, halafu ikaidai tena kwa kukatakata likizo zao za halali kwa muda wa miaka miwili. Kama mkopo vile, tofauti ni kwamba hawa walidaiwa bila kukopa.

Tuanze na kalenda. Msomaji wangu uliyesomea Kenya unaijua hata ukiwa usingizini: mihula mitatu, likizo tatu, Aprili, Agosti na Desemba. Ya Aprili ni ya mvua. Ya Agosti, kwa sisi wa Nairobi, ni ya baridi na sweta. Ya Desemba ndiyo likizo hasa! Ndiyo ya kupanda basi kwenda kwa nyanya, ya kukabidhiwa ripoti na kuambiwa umepanda darasa, ya binamu kumi kulala chumba kimoja. Kwa jamii nyingi za Mlima Kenya na Bonde la Ufa ndio ulikuwa pia msimu wa tohara kwa wavulana waliomaliza darasa la nane. KCPE ilikuwa ikimalizika kabla ya Desemba, basi kijana anapata wiki za kutosha kupona, kufunzwa mambo ya wakubwa, na kununuliwa sanduku la kwenda nalo kidato cha kwanza. Mpangilio wa maisha ya watu ulikuwa umejengwa juu ya wiki zile.

Na sheria iliilinda likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Walimu na wazazi wengi waliivunja (tusidanganyane, hata mimi nimekaa darasani Agosti nikisoma hisabati kwa siri kama mwizi), lakini imeandikwa. Mtoto ana haki ya kupumzika.

Haya, sasa njoo Machi 2020. Ijumaa tarehe 13 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Jumapili tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule. Za kutwa zifungwe kesho yake, za bweni ziwe tupu kufikia Jumatano. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu tufike likizo ya Aprili, na nadhani ndiyo sababu wengi hawakushtuka. Watoto walishangilia! Mwalimu mmoja wa shule ya umma aliniambia baadaye kwamba aliwaagiza wanafunzi wake waache vitabu kwenye madawati, kwani wangeonana baada ya Pasaka.

Pasaka ikapita. Taasisi ya mitaala, KICD, ikapeleka masomo kwenye redio ya KBC, runinga na YouTube. Julai zikaja puto za Loon, za kampuni ya Alphabet inayomiliki Google, zikielea kama kilomita 20 angani na kuangusha intaneti juu ya sehemu za nchi. Puto! Na huku chini kuna nyumba ya chumba kimoja yenye simu moja ya intaneti, simu ni ya baba, na baba ameondoka nayo saa kumi na moja alfajiri. Januari 2021 Alphabet ikatangaza kwamba inaifunga Loon, mwezi uleule watoto waliobaki waliporudi shuleni.

Walimu wa serikali waliendelea kupata mshahara kupitia TSC. Wale wa shule za binafsi, ambao mshahara wao hutoka kwenye karo, wengi walikaa mikono mitupu. Kule Mwea, kaunti ya Kirinyaga, shule moja ya binafsi iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku, picha zikazunguka dunia nzima. Ubaoni, mahali palipokuwa na hesabu za kuzidisha, paliandikwa ratiba ya chanjo ya kuku.

Tarehe 7 Julai ndipo Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alipotamka kwamba mwaka wa masomo wa 2020 utahesabiwa kuwa umepotea. Hakuna KCPE, hakuna KCSE, tukutane Januari. Kisha serikali ikabadili mawazo. Mwanzoni mwa Oktoba, kwa taarifa ya siku chache tu, ikaita gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne warudi Jumatatu tarehe 12. Darasa la nane kwa sababu ya mtihani. Gredi ya nne kwa sababu lilikuwa kundi la kwanza la mtaala mpya wa CBC, na wizara haikutaka kundi hilo lichelewe. Magoha alisema panapokosekana nafasi watoto wasomee chini ya miti. Wapo wasichana waliorudi wakiwa wajawazito au wamejifungua, na sera ya Kenya tangu miaka ya 1990 inawaruhusu kuendelea na masomo. Wapo pia ambao hawakuonekana tena.

Basi tukafika Desemba.

Muhula ule ulikuwa wa wiki 11, kisha siku 11 za likizo, kurudi Januari 4. Siku 11! Kawaida Desemba mtoto anasahau hata sare yake iko wapi. Darasa la nane walikwenda nyumbani na vitabu mgongoni, kwani KCPE ya 2020 ilikuwa imepangwa Machi 2021. Yule kijana aliyetakiwa kutahiriwa, je? Siku 11 hazitoshi, na tena hajamaliza shule. Wazazi niliozungumza nao walikuwa wamegawanyika, wengine wakisema mila haingoji wizara, wengine wakisema heri Aprili.

Na waliruhusiwa kwenda nyumbani wakati gani? Desemba ile wauguzi na maafisa wa kliniki walikuwa wamegoma tangu tarehe 7. Madaktari wakaungana nao tarehe 21, wakasitisha mgomo wao tarehe 24. Hasira ilikuwa imechochewa na kifo cha daktari kijana wa miaka 28, aliyefariki kwa korona baada ya kuhudumia wagonjwa miezi kadhaa bila mshahara wala bima. Hebu tazama: Jumatano watoto wanatoka shuleni kwenda kukumbatia babu na nyanya zao, na Jumatano hiyohiyo katika hospitali za umma hakuna daktari, hakuna muuguzi. Sijui kama waliopanga tarehe zile waliziweka kalenda hizi mbili pamoja mezani.

Kafyu ilikuwa saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri. Matatu ziliruhusiwa kujaza asilimia 60 tu ya viti, na nauli ya Krismasi mnaijua hata isipokuwa na korona. Barabara hazikuwa zimefungwa, kwa hiyo kila familia iliamua yenyewe: twende ama tusiende? Dada yangu, anayeishi Umoja, hakwenda. Mama yetu ana kisukari, na dada hakutaka kuwa yeye atakayempelekea ugonjwa. Kwake kulikuwa na watoto wawili, msichana wa gredi ya nne na kaka yake wa darasa la sita. Nilipowatembelea siku ya pili ya likizo nilikuta vita. Msichana amelala kwenye kochi, anataka katuni, anasema yeye amefunga shule na amechoka. Kaka yake akanigeukia:

"Anko, huyu ati ako likizo. Sasa mimi niko wapi?"

Nilicheka, kisha nikakosa la kumjibu. Miezi tisa alikuwa ameosha vyombo, amechota maji, ameuza mayai ya kuchemsha na mama yake, amesahau jina la mwalimu wake wa sayansi. Hakuwa shuleni na hakuwa likizo pia, kwa maana likizo ni pumziko kati ya kitu na kitu. Dada yangu aliongeza kitu kimoja ambacho nimekifikiria mara nyingi tangu siku hiyo. Alisema yule mdogo, tangu arudi Oktoba, ana hadithi za kusimulia jioni, na mkubwa hana.

Januari 4, 2021 wote wakarudi. Machifu wakaagizwa kuwatafuta waliokosekana. Na hapo ndipo deni lilipoanza kulipwa, kwa hiyo nivumilie nikikutajia tarehe.

Machi 19 shule zilifungwa, darasa la nane wakafanya KCPE tarehe 22 hadi 24. Madarasa mengine yalipewa likizo mpaka Mei 10, wiki saba, kwa sababu mitihani ya kitaifa ilihitaji nafasi. Ungedhani angalau hiyo ni likizo ya kweli. Lakini Machi 26 Rais akafunga mipaka ya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, ikafunguliwa Mei 1. Mtoto wa Nairobi ana wiki saba za likizo na hawezi kufika kwa nyanya!

Kisha mwaka wa masomo wa 2020 ukamalizika Julai 16, 2021, na siku kumi baadaye, Julai 26, ukaanza mwaka wa 2021. Hakuna Agosti. Mwaka huo mpya ulikuwa wa wiki 30 pekee, wakati wa kawaida unakaribia 39. Muhula wa kwanza ukaisha Oktoba 1, wa pili ukaanza Oktoba 11. Ule wa pili ukaisha Desemba 23, tarehe ileile, na watoto wakarudi Januari 3. Krismasi ya pili ya siku chache mfululizo. Machi 2022 ikafanywa KCPE ya 2021, Aprili 25 ukaanza mwaka wa 2022, na Novemba mwaka huohuo ikafanywa KCPE nyingine. Mitihani miwili ya darasa la nane katika mwaka mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mtihani huo uanze 1985, na halitatokea tena kwa sababu wa mwisho ulifanywa 2023.

Wazazi wa shule za binafsi walilia karo, na haki yao. Uliyelipa Julai unaitwa tena Oktoba, na tena Januari. Mwishoni mwa 2021 mabweni ya sekondari yakaanza kuungua, na vyama vya walimu vikasema wanafunzi wamechoka. Magoha, ambaye mwanzoni hakutaka kusikia habari ya mapumziko ya katikati ya muhula, akatoa siku chache Novemba. Watoto wa msingi hawachomi shule. Wao wanasinzia tu darasani.

Sasa kuwa mkweli, wizara ingefanya nini? Uganda waliacha milango ya madarasa mengi imefungwa mpaka Januari 10, 2022, karibu miaka miwili, na huko kuna watoto waliooa na kuolewa badala ya kurudi. Tanzania walifungua shule zote Juni 29, 2020 baada ya miezi mitatu na ushee, lakini kwa ujasiri wa nchi iliyokuwa imeacha kutangaza idadi ya wagonjwa. Kenya ilichagua kukimbiza mtoto ili umri wake na darasa lake visiachane sana. Naelewa hesabu hiyo. Kinachonikera ni kwamba mezani kulikuwa na vyama vya walimu, vya wazazi, vya wamiliki wa shule, kila mmoja ana lake la kutetea, na kitu kilichokatwa ndicho pekee kisichokuwa na wakili. Mishahara ya walimu wa umma haikukatwa, mitihani haikukatwa. Agosti ilikatwa.

Mpwa wangu wa gredi ya nne alifanya mtihani wa gredi ya sita mwishoni mwa Novemba 2022, akiwa katika kundi la kwanza la KPSEA. Shule zilikuwa zimefungwa Novemba 25, na kufunguliwa ni Januari 23, 2023. Wiki nane! Desemba ya kwanza nzima tangu ile ya 2019. Safari hii dada yangu aliwapandisha watoto wote wawili basi, na yule mkubwa, ambaye sasa alikuwa amemaliza darasa la nane, alibaki huko kijijini mpaka alipopona.

Jumatatu ya Januari 23 shule zikafunguliwa, kalenda ikaanza kurudi mahali pake. Kesho yake jioni habari zikatangaza kwamba Profesa Magoha, aliyekuwa ameondoka wizarani miezi michache tu kabla, amefariki dunia.