Jenetiki ya makundi ya mimea inayojichavusha

Hili ni tawi la biolojia linalochunguza jinsi jeni zinavyogawanyika na kubadilika, kizazi hadi kizazi, katika mimea ambayo maua yake hurutubishwa kwa chavua yake yenyewe. Mpunga, ngano na karanga ni miongoni mwa mimea hiyo, ila mfano bora ni maharage (*Phaseolus vulgaris*). Chavua ya harage huangukia stigma kabla ua halijachanua. Nyuki anapofika, kwa kawaida kazi imekwisha.

Tuseme mche una aleli mbili tofauti, yaani matoleo mawili, za jeni moja; mche huo ni heterozigoti. Ukijichavusha, nusu ya uzao wake hubaki heterozigoti, robo hubeba aleli ya kwanza pekee na robo iliyobaki aleli ya pili pekee. Kizazi kinachofuata heterozigoti hushuka hadi asilimia 25, kisha 12.5, baada ya vizazi 6 hawafiki asilimia 2. Wengi hudhani kwamba aleli nazo zimepotea. Sivyo. Kujichavusha peke yake hakubadilishi uwiano wa aleli shambani: tofauti imetoka tu ndani ya mche mmoja, sasa ipo baina ya mche na mche.

Wilhelm Johannsen wa Denmark alilithibitisha hilo mwaka 1903. Kutoka katika maharage ya kununua alipata koo safi 19, kila ukoo ukitokana na mbegu moja. Wastani wa uzito wa mbegu ulitofautiana sana kati ya ukoo na ukoo, takriban miligramu 350 hadi 640. Lakini ndani ya ukoo mmoja, alipopanda mbegu nzito kando na nyepesi, uzao wa pande zote mbili ulilingana. Uteuzi haukuwa na cha kuteua. Mwaka 1909 Johannsen ndiye aliyeipa sayansi maneno jeni, jenotipu na fenotipu.

Kujichavusha kuna gharama zake. Aleli fichu zenye madhara hujitokeza na kudhoofisha uzao, ingawa kwa vizazi vingi uteuzi huziondoa kadiri zinavyofichuka. Mimea ikijichavusha kikamilifu, ukubwa fanisi wa kundi, yaani idadi ya mimea inayohesabika kijenetiki, hupungua kwa nusu, hivyo bahati nasibu hupoteza aleli kwa kasi zaidi. Kromosomu huendelea kubadilishana vipande, lakini pacha zinazofanana hazipati mpangilio mpya. Hata jeni zilizo mbali na nyingine hurithiwa pamoja kwa muda mrefu.

Kwa kuwa tofauti ipo baina ya mche na mche, anayekusanya mbegu za kuhifadhi akichukua mche mmoja amechukua ukoo mmoja tu. Wakulima wa Rwanda na Burundi, ambao kwa desturi hupanda maharage ya rangi na ukubwa tofauti katika shamba moja, hutunza utajiri wa jeni ambao shamba la mbegu ya aina moja haliwezi kuwa nao.

Mara chache nyuki hufanikiwa kuleta chavua ya ukoo mwingine. Mbegu inayopatikana haionyeshi lolote, kwa kuwa ganda lake ni tishu ya mche mama. Ikipandwa, ndipo mche wake huweza kuzaa mbegu za rangi ngeni, na ndani ya vizazi vichache vya kujichavusha chotara huyo mmoja hugawanyika kuwa koo nyingi mpya.