Injini Haisahau: Isome Historia ya Volkswagen Kabla Hujatoa Hela

Tuseme umeipata. Injini ya Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1968, imekalishwa juu ya tairi kuukuu nyuma ya gereji, imefutwa vumbi na kupuliziwa rangi ya fedha. Muuzaji anakwambia, "Hii shida yake ringi tu, kaka. Ukibadilisha ringi unaenda nayo mpaka Mwanza." Wewe mfukoni una hela ulizodunduliza mwaka mzima, na kichwani una ndoto ya kuifungua, kuisafisha na kuifunga upya kwa mikono yako.

Ngoja kidogo. Karibu kila ugonjwa utakaoutafuta kwenye injini hii ulianza kama uamuzi wa wahandisi wa Ujerumani, miongo mingi kabla hujazaliwa. Ukiujua uamuzi wenyewe, unajua pa kushika na pa kuchungulia.

Kwa nini haina rejeta

Mwaka 1934 Ferdinand Porsche alipewa kazi ya kubuni gari la bei nafuu kwa Wajerumani wa kawaida. Serikali ya Hitler ilitaka gari la kubeba familia, liweze kukimbia kilomita 100 kwa saa, na bei yake isifike Reichsmark 1,000. Watu wa kipato hicho wengi hawakuwa na banda la gari. Wangeliegesha nje kwenye baridi kali, na maji ya rejeta yangeganda. Basi maji yakaondolewa kabisa, injini ikapozwa kwa hewa na oili. Mhandisi Franz Reimspiess akachora injini ya silinda nne zilizolala, mbili kila upande, ikiwa na ujazo wa sentimita za ujazo 985.

Wananchi zaidi ya 300,000 walianza kulilipia kwa stempu kila wiki. Hakuna hata mmoja aliyelipata kwa mpango ule. Vita ilikuja, na kiwanda kikatengeneza magari ya jeshi kwa kutumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Mwaka 1945 Waingereza walikishika kiwanda hicho kilichopigwa mabomu, na Meja Ivan Hirst akakifufua kwa oda ya magari 20,000 ya jeshi la Uingereza. Miaka michache baadaye gari hilo lilikuwa kwenye vumbi letu: mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilishindwa na Volkswagen mwaka 1954, 1957 na 1962. Kwa hiyo muuzaji akisema "hizi injini ni ngumu", hadanganyi. Swali ni kama hiyo iliyoko mbele yako bado ni ngumu.

Anza na puli

Injini hii inaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo kila kilo ilihesabiwa. Ndiyo maana bloku, yaani lile kasha linalobeba kila kitu, ilisubiwa kwa aloi ya magnesi. Magnesi ina uzito wa gramu 1.74 kwa kila sentimita ya ujazo. Alumini ina 2.7, na chuma karibu 7.9. Wepesi huo una gharama yake. Magnesi ikipata joto hutanuka takriban mara mbili ya chuma, na krenkishafti inayozunguka ndani yake ni ya chuma. Injini ikichemka mara kwa mara, nafasi kati ya beringi na bloku inakua, presha ya oili inashuka, na krenkishafti inaanza kuzigonga beringi kwenye vikalio vyake kama mchi kwenye kinu.

Hapo ndo mkono wako unaingia kazini. Injini ikiwa imezimwa, shika puli kubwa ya chini, ile inayozungusha feni belti, kwa mikono miwili. Ivute kwako, kisha isukume ndani. Mchezo wa kawaida ni kati ya milimita 0.07 na 0.13, na mwisho wa uvumilivu ni 0.15, yaani kama unene wa karatasi moja na nusu. Kwa usahihi unahitaji geji ya mshale, ila sikio nalo linasaidia sana. Ukisikia "ko! ko!" kila unaposukuma na kuvuta, hiyo imevuka mpaka siku nyingi.

Wakati mwingine tatizo ni marekebisho ya upande wa flaiwili tu, na hilo linatibika. Lakini mara nyingi beringi yenyewe inacheza ndani ya bloku. Bloku huweza kuchongwa na kuwekewa beringi za ovasaizi, ila hatua zake ni chache. Ikishamalizwa kuchongwa, imekwisha. Muulize muuzaji ilishachongwa mara ngapi, na uangalie anavyojibu.

Chungulia silinda namba tatu

Ukisimama nyuma ya gari ukitazama mbele, silinda namba tatu ipo upande wa kushoto, karibu na flaiwili. Kwa miaka mingi kipoza oili kilisimama ndani ya kasha la feni, juu ya upande huohuo. Hewa iliyotakiwa kuipoza silinda hiyo ilipita kwanza kwenye oili ya moto. Kiwanda kililijua hilo, na distribyuta nyingi za zamani zilipangwa zichelewe kidogo kuipelekea cheche namba tatu ili isipate joto kupita kiasi. Dawa ya kweli ilikuja na magari ya mwaka 1971, kipoza kilipohamishwa na kupewa njia yake ya hewa.

Injini yako ya 1968 iliishi kabla ya dawa hiyo. Chukua tochi uangalie bloku nyuma ya silinda namba tatu, upande wa flaiwili. Futa uchafu kwa petroli kidogo, injini ikiwa baridi na mbali na moto. Unatafuta ufa mwembamba kama unywele, au oili inayojirudia pale ulipofuta. Kisha pima kompresheni ya silinda zote nne. Namba ziwe karibukaribu. Tatu ikiwa chini peke yake, fikiria valvu yake ya ekzosi, kwa sababu ndiyo inayoungua au kukatika mapema.

Angalia pia yale mabati yanayoizunguka injini. Wengi huyatoa wakidhani injini itapumua vizuri. Kazi yake ni kutenganisha hewa baridi na hewa iliyokwisha kupata moto. Injini iliyotembea bila mabati hayo imekuwa ikivuta joto lake yenyewe.

Oili haina siri

Injini hii hubeba oili lita 2.5 tu, na haina filta ya karatasi kama magari ya leo, ina chujio la wavu. Omba kufungua kifuniko cha chini na kulitoa. Tope jeusi lisikutishe sana. Chembe zinazong'aa ndizo za kutisha, kwa maana beringi zimeanza kujitafuna. Muuzaji akikukatalia kukifungua, naye amekupa jibu.

Mwisho soma namba iliyogongwa kwenye bloku, chini ya kikalio cha dainamo. Herufi za mbele zinasimulia: D ni ya 1200, F ya 1300, H ya 1500. Kama herufi haiendani na maneno ya muuzaji, au namba imesagwa, jiulize ni nini kingine kilichobadilishwa bila kuandikwa.

Sasa bei

Volkswagen hizi zilitengenezwa 21,529,464, na ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Kwa wingi huo pistoni, ringi, valvu na gasketi bado zinapatikana, na ukinunua injini iliyochoka navyo bado hujapoteza. Bloku ni habari nyingine. Bloku mpya zipo, hata za alumini, ila bei ya moja inaweza kumeza bajeti yako yote ya ukarabati.

Kwa hiyo usiulize kama injini inawaka. Injini mbovu inaweza kuwaka vizuri kwa dakika kumi, tena ikiwa imepashwa moto kabla hujafika. Uliza bloku imebakiwa na nini. Ikiwa puli imetulia na nyuma ya namba tatu hakuna ufa, basi hata kama inatoa moshi kama tanuri la mkaa, kaa mezani mzungumze bei. Ikiwa bloku imekwenda, rangi ya fedha isikudanganye. Mshukuru muuzaji, nawa mikono, rudi nyumbani na hela zako.