Kutoka Waya hadi Kioo: Simu Kubwa Nakivale na Mbarara

Katika mazungumzo ya kila siku ya wasemaji wengi wa Kiswahili, simu za mkononi ziko za aina mbili tu: simu ndogo na simu kubwa. Simu ndogo ni ile ya vitufe, ambayo Watanzania huiita kitochi na Wakenya kabambe, au kwa utani mulika mwizi. Simu kubwa ni ile ya kugusa kioo, inayofungua intaneti, inayopiga picha na kubeba vitabu. Wataalamu wetu wamependekeza majina mengine mazuri, likiwemo simujanja, na hatuna ugomvi nayo. Hata hivyo, mtu anayeishi na chombo hiki kutwa kucha amechagua kukitaja kwa ukubwa wake, na makala haya yanakusudia kueleza historia ya ukubwa huo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jirani yake Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda.

Tuanze na neno. Simu limetokana na Kiajemi, sim, yaani fedha au waya. Kebo ya telegrafu iliyopita chini ya bahari ilifika Unguja mwaka 1879, na katika kamusi za zamani simu ni habari fupi iliyopelekwa kwa waya kabla haijawa chombo cha kuzungumzia. Kutoka pwani neno hili lilipanda bara. Waganda wanasema essimu, Wanyankole wanasema esimu. Nalitaja jambo hili kwa sababu wenyeji wengi wa Mbarara husema hawajui Kiswahili hata kidogo, ilhali hawawezi kumtafuta ndugu yao bila kutumia neno la Kiswahili.

Kusita kwao kuna sababu zake. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alitaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi nchini Uganda, na upinzani, hasa wa Buganda, ukawa mkali. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa raia wengi kikabaki lugha ya kizuizini na kambini. Mbarara ilikuwa na kambi kubwa ya jeshi, na mwaka 1979 mji huo ulitekwa na majeshi ya Tanzania, nayo yakazungumza Kiswahili. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wakati viongozi wakijadiliana kuhusu walimu na vitabu, upande wa kusini-mashariki mwa Mbarara kulikuwa na maelfu ya watu wanaokitumia Kiswahili sokoni, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya maji bila kungoja azimio la mtu yeyote.

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo yako katika Wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Mwaka 1982, watu wenye asili ya Rwanda walipofukuzwa katika vijiji vya Ankole, wengi walikimbilia humo tena. Baada ya 1994 wakimbizi wengi wa zamani walirejea Rwanda, na wengine wapya wakatoka huko. Vita vya Kongo vya 1996 na 1998 vilileta Wakongo, kisha wakaja Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na kuanzia mwaka 2015 Warundi kwa wingi. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, njia ya kwenda Uganda ilijaa tena. Watu wa asili hizi zote wanapokutana kwenye bomba la maji, Kiswahili ndicho kinachowapatanisha mara nyingi, hasa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Wasomali waliopitia Kenya.

Kabla ya simu, mtu aliyepotezana na ndugu zake alikuwa na njia chache. Kulikuwa na barua fupi za Msalaba Mwekundu. Kulikuwa na mtu anayesafiri, akakaririshwa majina. Na kulikuwa na redio. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, jina lenye maana ya kiunganisha familia, kwa lugha za Kinyarwanda na Kirundi, na sehemu muhimu ya matangazo hayo ilikuwa kusoma majina ya watu waliokuwa wakitafutana. Msomaji afikirie hali hiyo: jina la mama yako linasomwa mara moja hewani, na siku hiyo betri za redio zimekwisha.

Simu ya mkononi iliingia Uganda mwaka 1995 kupitia kampuni ya Celtel, ikawa ya matajiri wa Kampala na Entebbe. MTN ilipoanza mwaka 1998 na kadi za kulipia kabla, chombo kilishuka bei na kutoka mjini. Mwaka 2003 MTN na Wakfu wa Grameen walizindua simu za vijiji. Mwanakijiji, mara nyingi mwanamke, alikopeshwa simu, antena ya kuinua juu ya mlingoti na betri ya gari ya kuchajia, kisha akawauzia wenzake dakika. Wakati huo simu ilikuwa mahali pa kwendea, kama kisima. Ulipanga mstari, ukasema haja yako mbele ya watu, ukalipa.

Simu ilipokuwa mali ya mtu mmoja mmoja, ilikuwa ndogo sana, na udogo ndio uliokuwa sifa. Ile ya vitufe yenye tochi ilikaa na chaji siku kadhaa, ikavumilia vumbi, ikaingia kwenye fundo la kitenge. Lugha nayo ikajifunza uchumi wake. Kubipu ni kitenzi kamili chenye sarufi yake: nimekubipu, usinibipu, tubipiane. Asiye na salio aliweza kusema nimefika, nimekula, nipigie, bila kutoa hata shilingi. Mwaka 2009 MTN ilianzisha huduma ya kutuma fedha kwa simu, na mwaka 2010 shirika la REFUNITE, likishirikiana na Ericsson, MTN na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lilianza nchini Uganda mpango wa kutafuta ndugu kwa simu. Kazi ambayo redio ilifanya kwa kusoma majina hewani, sasa mtu aliweza kuianza mwenyewe kwa vitufe.

Kule kwingine duniani ukubwa wa simu ulikuwa mzaha. Julai 2010 Steve Jobs wa Apple alisema kwamba hakuna atakayenunua simu ambayo kiganja hakiwezi kuizunguka. Samsung walipotoa Galaxy Note mwaka 2011, yenye kioo cha inchi 5.3, wahakiki waliifananisha na kipande cha mkate kilichobandikwa sikioni. Mwaka 2014 Apple wenyewe wakatoa simu ya inchi 5.5, na kicheko kikaisha. Walichokosa kukiona wahakiki wale ni kwamba kwao simu kubwa ilikuwa kitu cha tatu baada ya kompyuta na televisheni. Kwa familia ambayo haijawahi kuwa na kompyuta wala televisheni, inchi moja ya ziada ni ukurasa unaosomeka au usiosomeka.

Kampuni ya Kichina ya Transsion ililielewa hilo mapema. Simu zake za Tecno, Itel na Infinix zilikuja na nafasi ya laini mbili, betri kubwa na kamera zilizorekebishwa kwa ngozi nyeusi, kwa bei ambayo muuza duka wa Mbarara aliweza kuitaja bila aibu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 hata simu ya bei ya chini ilikuwa na kioo ambacho mwaka 2011 kingeitwa kioja.

Lakini kuishi nayo ni kazi. Kitochi humchukua mwenyewe karibu wiki. Simu kubwa hudai umeme kila siku, na kwa asiye na paneli ya jua nyumbani maana yake ni kuiacha kibandani kwa mchajishaji pamoja na siri zote zilizomo. Haikai kwenye fundo la kitenge. Mkulima akiinama na jembe, inaanguka. Jua la saa saba mchana hukigeuza kioo kuwa kioo kweli, mtu akajiona uso badala ya ujumbe. Kikipasuka, fundi wa Mbarara ataomba fedha inayokaribia bei ya simu yenyewe, na ndiyo sababu tunaona vioo vyenye nyufa kama utando wa buibui vikiendelea kutumika miaka miwili, kidole kikijifunza pa kupita. Wengi hubeba zote mbili: kubwa kwa kusoma na kutazama, ndogo kwa kupokea simu na kulinda fedha.

Lililo gumu zaidi lilikuwa laini. Uganda ilianza kusajili laini za simu mwaka 2012. Mwaka 2017 Tume ya Mawasiliano iliagiza zihakikiwe kwa kitambulisho cha taifa, na mkimbizi hana kitambulisho cha taifa. Watu wakasajiliwa kwa majina ya wenyeji wema, na wengine kwa majina ya wenyeji waliotaka malipo. Agosti 2019 Tume iliruhusu laini isajiliwe kwa kitambulisho cha mkimbizi au hati ya utambulisho inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Anayeishi sehemu moja maisha yake yote huenda asione uzito wa jambo hili. Mtu aliyekimbia hana anwani, nyumba aliyoiacha pengine imechomwa, na kijiji alichozaliwa hakina mtu wa kumuulizia. Namba ya simu ndiyo anwani pekee ambayo dada yake aliyebaki Uvira anaikariri. Laini iliyo kwa jina la mtu mwingine ikifungwa, ni anwani iliyofutwa, na dada haelezwi sababu.

Gharama nazo zilikuwa na historia yake. Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 tozo hiyo ilipisha kodi ya asilimia 12 kwenye data. Januari 2021, katika siku za uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano hivi. Simu kubwa zikawa ndogo kwa muda huo, zikabaki na sauti na tochi.

Sasa tufike kwenye kazi yetu ya ualimu. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022, kipindi ambacho hakikuwa na mfano duniani kwa urefu. Masomo yalipitia redio, magazeti, karatasi zilizochapwa na, kwa wachache, simu. Nyumba yenye watoto sita na simu kubwa moja ilihitaji ratiba kama ya zamu ya hospitali: wa mtihani kwanza, wadogo usiku, baba akirudi aikute na chaji. Mwanafunzi aliyesoma riwaya teule katika kioo cha inchi sita hakuisoma kama tulivyoisoma sisi, lakini aliisoma. Aliyekuwa na kitochi aliombwa asubiri.

Upo upande mwingine ambao tumeuzungumza kidogo mno katika idara zetu. Mwezi Agosti 2013 WhatsApp iliongeza ujumbe wa sauti. Kiswahili cha Kongo ya mashariki, chenye batu na mayi na kukula, hakikuwa na mazoea makubwa ya kuandikwa. Wasomi wake walifundishwa kuandika Kifaransa. Ujumbe wa sauti ulikipa njia ya kusafiri bila kupitia mlango wa tahajia. Bibi asiyejua kuandika anabonyeza, anasimulia dakika tatu, anaachia, na mjukuu aliye Nairobi au Marekani anamsikia alivyo. Ni fasihi simulizi inayojihifadhi yenyewe hadi simu inapojaa na mtu anaanza kufuta.

Mtu yule yule akianza kuandika, hali hubadilika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux uliotoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na mwaka 2009 Facebook ikaja na sura ya Kiswahili. Maneno kama hariri, hifadhi na futa yalitungwa au kuteuliwa kwa ajili ya kompyuta ambazo wachache walikuwa nazo. Simu kubwa ndiyo iliyoyafikisha mkononi. Lakini kibodi inayojua Kiswahili inajua kile cha Sanifu. Ukiandika batu inakupigia mstari mwekundu. Vijana wa Nakivale wanasahihishwa na kioo mara nyingi kwa siku kuliko mwalimu yeyote anavyoweza, na wanakuja darasani wakiwa tayari na Viswahili viwili: kimoja cha sauti, kingine cha vidole. Binafsi nimewahi kukata alama kwa neno ambalo mwanafunzi, kwa upole, aliniambia ndilo mama yake analotumia katika kila ujumbe anaomtumia. Akaniomba ruhusa anisikilizishe. Darasa zima lilinyamaza kusikia. Simu ilikuwa na ufa mrefu kutoka kona hadi kona, na sauti ilitoka safi.