Wanaume wa Ngoma na Kamera Isiyotaja Majina

Kwashemshi ni kata ya wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, katika ukanda ambao kwa miongo mingi ulijulikana duniani kwa zao moja, mkonge. Historia ya ukanda huo na ya jirani zake wa Handeni imezoeleka kuandikwa kwa hesabu za miche, reli na tani: miche iliyoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, reli iliyotoka Tanga ikapita Korogwe mwanzoni mwa karne ya 20, uzalishaji wa nchi nzima uliovuka tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960, kisha utaifishaji wa mwaka 1967 na anguko lililofuata. Haikuandikwa sana habari ya wanaume waliokata mkonge huo mchana na kucheza ngoma siku ya mapumziko. Nataka kuwazungumzia hao, kwa sababu historia yao inatufundisha jambo kuhusu televisheni yetu ya leo. Mcheza ngoma wa kiume alicheza mbele ya watu waliomjua na waliokuwa na haki ya kumsifu au kumzomea. Televisheni ilipofika ilimwonyesha kwa mamilioni ya watu, lakini haikumtaja.

Mashamba ya mkonge ya Tanga hayakuweza kuendeshwa na wenyeji peke yao. Wasambaa, Wazigua na Wabondei walikuwa na mashamba yao ya chakula, na wengi hawakuona sababu ya kuyaacha ili wakachomwe na miiba ya mkonge kwa ujira mdogo. Ndiyo maana walitafutwa manamba kutoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma, na watu wa Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri iliyojulikana kama SILABU, na katika miaka ya 1950 sekta nzima ya mkonge iliajiri zaidi ya watu laki moja, wengi wao wanaume. Kazi ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30. Kambini watu wa kabila moja walikaa pamoja, na ngoma ndiyo iliyowapa mahali pa kukumbuka kwao. Ndiyo pia iliyowakutanisha na wengine: waliotoka kusini walicheza yao, na jirani walikuwa na Mdumange ya Wasambaa na Selo ya Wazigua. Mtu aliyekuwa namba katika daftari la mnyapara alirudi kuwa fulani bin fulani uwanjani, mpigaji anayejulikana, kiongozi wa mstari anayesubiriwa. Kikundi cha ngoma kilikuwa pia chama cha kusaidiana, cha kuchangia mgonjwa na kumzika aliyefia ugenini. Katika mazingira hayo hapakuwa na aliyeuliza kama kucheza kunapunguza uanaume. Uanaume ulithibitishwa hapohapo, kwa pumzi, kwa nidhamu ya miguu, na kwa kustahimili macho ya wapinzani.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hili ni beni. Ngoma hiyo ilianzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka pwani hadi Tanga na Dar es Salaam, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisambaza bara pamoja na askari na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameonyesha jinsi vyama viwili vikubwa vya beni, Marini na Arinoti, vilivyokuwa na vyeo kamili: wafalme, majenerali, madaktari, hata Kaiser. Vijana walivaa sare, wakatembea kwa gwaride, wakapiga tarumbeta na ngoma za kijeshi. Kusini, katika nchi ya Wangoni na mwambao wa ziwa Nyasa, beni ilizaa mganda, ngoma ya wanaume wanaosimama kwa mistari na kugeuka pamoja kana kwamba ni mtu mmoja. Huko Songea ndiko walikotoka manamba wengi wa Tanga. Tunaona basi kwamba mwanamume wa Afrika Mashariki alichukua kitu cha kigeni, bendi ya kijeshi ya Mzungu, akakifanya chake, na ndani yake akajipatia cheo ambacho ukoloni ulimnyima kazini. Mchezaji wa beni alitajwa kwa cheo na kwa jina, na mashindano yalikuwa na mshindi aliyejulikana mji mzima.

Mtu anaweza kuuliza sababu ya kuileta baleti, sanaa ya Ulaya, katika mazungumzo ya mkonge na mganda. Naileta kwa sababu historia yake imepita njia inayofanana na yetu, kisha ikaachana nayo mahali muhimu. Baleti ilikuzwa na wanaume. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alicheza mwenyewe, na mwaka 1661 akaanzisha chuo cha kifalme cha dansi; wanawake weledi walipanda jukwaa la opera ya Paris miaka 20 baadaye. Katika karne ya 19 mambo yaligeuka, mwanamume akawa mtu wa kumnyanyua mwanamke tu, hata katika Coppélia ya mwaka 1870 nafasi ya kijana mpenzi ikachezwa na mwanamke. Nijinsky alimrudisha mwanamume mbele kuanzia mwaka 1909, naye Nureyev, aliyekimbilia Magharibi mwaka 1961, akamfanya nyota. Televisheni ya Marekani ilichangia kazi hiyo: mwaka 1968 ilionyesha filamu nzima ya maisha ya kazi ya Edward Villella, na katika miaka ya 1970 ikamwingiza Baryshnikov katika sebule za watu wasiowahi kukata tiketi ya baleti. Televisheni hiyohiyo, Agosti 2019, ilimwonyesha mtangazaji wa kipindi cha asubuhi akicheka kwa sababu mwanamfalme mdogo George wa Uingereza alikuwa anajifunza baleti. Siku chache baadaye wachezaji wapatao 300 walikusanyika Times Square, New York, wakafanya darasa la baleti hadharani, na mtangazaji akaomba radhi. Mahali tunapoachana ni hapa: mcheza baleti wa kiume alidhihakiwa, lakini alipewa pia saa nzima na jina lake likaandikwa. Alipotukanwa alikuwa na umaarufu wa kujitetea nao. Mcheza ngoma wetu hakutukanwa na televisheni, na hakuna aliyeona kwamba kuna la kutetea.

Kosa halikuanza na televisheni. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba waliosoma walijua dansi za Kizungu kuliko Gombe Sugu au Lele Mama. Alikuwa na haki kusema hivyo, na tamko lile liliwapa heshima wachezaji ambao wamisionari na wakoloni waliwaita washenzi. Likaundwa kundi la taifa la ngoma, na baadaye viwanda, mashirika ya umma na majeshi yakawa na vikundi vyao. Lakini heshima hiyo ilikuja na gharama. Ngoma iliyochezwa usiku kucha ilipunguzwa ikawa ya dakika chache za kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Sindimba ya Wamakonde ikawa ngoma ya taifa, na yeyote aliyeicheza akawa mfano wa taifa. Wasomi wa sanaa za maonyesho, Penina Mlama akiwa mmojawapo, wameeleza jinsi sanaa za jadi zilivyogeuzwa chombo cha kusifu viongozi na sera. Ninaongeza kwamba mabadiliko hayo yaliondoa hakimu. Mgeni wa heshima hawezi kujua nani amekosea hatua, na mchezaji asiyeweza kukosolewa hawezi pia kutambuliwa kuwa bora. Kundi la taifa lilivunjwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanza kuwafunza wachezaji kwa taaluma. Leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko majina yalilindwa, lakini kwa wachache.

Televisheni ilirithi desturi hiyo ikiwa tayari imekomaa. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Wakati huo kumbi za Dar es Salaam zilikuwa na vikundi vikubwa kama Muungano na TOT, ambavyo katika onyesho moja vilitoa ngoma, sarakasi, maigizo, kwaya na taarabu. Tuangalie televisheni ilichukua nini katika mchanganyiko huo. Ilichukua maigizo, na kundi la Kaole likawa maarufu nchi nzima kupitia ITV. Ilichukua taarabu, na waimbaji wake wakawa nyota. Mcheza ngoma ilimwacha ukumbini, ikawa inamkumbuka siku ya sikukuu ya taifa na ziara ya kiongozi. Hapo huonekana kwa sekunde chache, sauti ya msomaji wa habari ikifunika ngoma yake, kisha kamera huhamia kwa mgeni rasmi anayepiga makofi. Jina la mgeni rasmi huandikwa chini ya picha. La mchezaji haliandikwi, wala la kijiji chake, na mara nyingine hata la ngoma yenyewe.

Nitajibiwa kwamba ngoma ilikuwa imekwisha dhoofika kabla ya kamera kufika, na kwamba nawatwika watangazaji mzigo wa historia. Ni kweli kwamba nyuzi za viwandani zilishusha bei ya mkonge, mashamba yakaingia magugu, na kambi zilizokuwa zikishindana zikabaki na watu wachache. Mashindano ya ngoma ya mashambani yaliondoka pamoja na ajira. Lakini kudhoofika kwa uwanja mmoja ndiko kulikoifanya televisheni kuwa muhimu zaidi, kwa kuwa ingeweza kuwa uwanja mpya. Nitajibiwa pia kwamba watazamaji hawataki kutazama watu wakicheza. Hilo limekanushwa na vituo vyenyewe. Katika miaka ya 2010 EATV iliendesha shindano la Dance 100%, na nchini Kenya Citizen TV ikawa na Sakata. Makundi ya vijana, wengi wao wavulana, yalifuatiliwa kwa hamu, yakawa na majina, mashabiki na waamuzi. Muundo ule haukuwa mpya. Ulikuwa wa beni: makundi hasimu, sare, hatua zilizobuniwa kwa siri, na umma unaoamua. Watazamaji walionyesha kwamba wanapenda kucheza kunakoshindaniwa. Kinachowachosha ni kucheza kusiko na la kushinda wala la kupoteza.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile linalohusu wanawake. Inasemwa, na kwa haki, kwamba waliodhulumiwa na kamera ni wao, kwa sababu picha ya ngoma katika runinga imekuwa picha ya viuno. Siwezi kulikana hilo, wala sioni kwamba linapingana na hoja yangu. Anayekata ngoma vipande huchukua kipande kinachouza, na akishachagua kiuno cha mwanamke ameutupa mstari wa wanaume nyuma yake pamoja na uso wa mwanamke mwenyewe. Mganda ukionyeshwa wote, kwa muda wake, kamera hulazimika kuona mpangilio wa watu. Vivyo hivyo kwa Lele Mama ya wanawake. Ngoma ikionyeshwa nzima, watu wa jinsia zote mbili hurudishiwa heshima yao.

Nchi jirani inatupa funzo la mwisho. Huko Nairobi, mwalimu Mike Wamaya amefundisha baleti watoto wa Kibera, na Joel Kioko, aliyekulia katika mtaa wa mabanda wa Kuwinda, alifika English National Ballet School ya London. Vyombo vya habari vya dunia viliwafuata, vikawataja kwa majina, na hilo ni jema. Lakini habari karibu zote zilianza na matope na mabati, na ni chache zilizoeleza Kioko anarukaje, au Wamaya anarekebisha nini mguuni mwa mwanafunzi. Kutaja jina bila kuitazama kazi ni nusu ya haki. Manamba wa Korogwe walipewa haki kamili na wenzao: walitajwa, kisha wakahukumiwa kwa walichokifanya.

Kwa hiyo ombi langu kwa TBC, kwa vituo binafsi na kwa wahariri wa habari za utamaduni ni la vitendo, wala halihitaji fedha nyingi. Kamera inapofika Korogwe au Handeni, irekodi ngoma moja kutoka mwanzo hadi mwisho, sauti yake ikiwa juu. Yaandikwe jina la ngoma, la kijiji, la mpigaji na la kila mchezaji. Awepo mzee au fundi wa ngoma hiyo aeleze kipi kimechezwa vizuri na kipi kimekosewa, kama mchambuzi wa soka anavyoeleza bao. Wachezaji walipwe kama wanavyolipwa waigizaji na waimbaji. Wanaume walioijenga sekta ya mkonge waliingia katika kumbukumbu za wenye mashamba wakiwa namba. Wajukuu wao wanaocheza leo wasiingie katika kumbukumbu za televisheni kwa namna hiyohiyo.